Mwiritsa Usio na Watoto

Maneno haya niliyasema Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, mbele ya vijana wanaoanza kazi ya kuhesabu mimea ya msitu wetu wa Kakamega, wazazi wao na viongozi wa eneo. Nimeyanyoosha kidogo tu kabla ya kuyaandika.

Mulembe! Mulembe muno!

Chifu wetu, wazee wa vijiji, foresta, na askari wa msitu mliokuja leo bila bunduki, asanteni kwa hilo. Mama zangu mlioacha majani ya chai shambani. Wachungaji. Vijana. Mmenipa nusu saa, na mwenye ratiba amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijashika kipaza sauti, kwa hiyo itifaki izingatiwe nami niingie kazini.

Mimi si daktari wa mimea. Shule niliachia darasa la saba. Kazi hii nilijifunzia njiani, nikibeba utepe wa kupimia na chupa ya chai nyuma ya watafiti, kuanzia mwaka 2002. Wao walikuja na majina ya Kilatini, mimi nikaja na majina ya kukhu wangu, yaani bibi yangu, na baada ya miezi michache hakuna aliyeweza kufanya kazi bila mwenzake. Leo nitawaeleza kitu kimoja tu nilichokiona huko ndani. Mengine nitakayoyagusa ni matawi ya hicho.

Kuna mwiritsa mmoja upande wa Isecheno, hatua chache kutoka njia ya wachukua kuni. Mwiritsa mnaujua: gome jeusi limepasukapasuka vipande vya mraba kama ngozi ya mamba, na jani lake ukilisugua kiganjani linatoa harufu ya lozi chungu. Wataalamu wanauita Prunus africana. Siku tuliyoweka ploti, yaani mraba wa kuhesabia mimea, pale nilifurahi, maana chini yake miche ilikuwa imeota imesongamana kama sukuma wiki kitaluni. Nikamwambia mtafiti niliyekuwa naye, “Huu hauwezi kuisha.” Hakunijibu. Alinituma nikatafute mwiritsa mwenye unene wa mkono wangu. Nikatafuta ploti nzima. Nikatafuta ya jirani. Unene wa mkono hakuna, unene wa kidole gumba hakuna. Kulikuwa na bibi mmoja mkubwa na vitoto vyenye majani mawili matatu, na katikati yao hakuna mtu. Tuliporudi baada ya msimu mmoja, hata wale watoto walikuwa wamekwisha.

Sasa fikirieni boma ambalo lina babu na vitoto vichanga peke yao, baba hayupo, mama hayupo, shangazi hayupo. Huulizi kama boma lile lina tatizo. Unauliza tatizo liliingilia mlango gani. Lakini msituni tunapita chini ya mti mkubwa, tunatazama juu, tunasema “ajabu ya Mungu,” tunapiga picha, tunaenda zetu. Mti unazaa kila msimu na nyumba yake haina mrithi, na hakuna anayeinama kutazama.

Kuinama huko ndiko tutakakoanza kesho.

Nitaeleza kidogo namna yake, kwa sababu wazazi wengine wameniuliza kama hii ni kazi au ni mchezo wa kutembea porini. Tunapima mraba wa mita 20 kwa mita 20. Miraba 25 ya namna hiyo ndiyo hekta moja. Kona nne tunazifunga kamba, na tunaandika mahali tulipo kwa kifaa cha setilaiti ili anayekuja baada ya miaka 10 asitafute kwa kubahatisha. Ndani ya mraba, kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi unapimwa kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Utepe unazungusha shina, halafu namba unaigawa kwa 3.14. Mti ukikupa sentimita 157 za mzunguko, kipenyo chake ni 50. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Mti wenye mbawa za mizizi pimia juu ya mbawa, hata kama itabidi mwenzako akubebe mabegani. Nimebebwa mimi, nami si mwepesi.

Hapo umemaliza sehemu ambayo kila mtu anaipenda. Ndani ya mraba mkubwa unakata mraba wa mita 5 kwa 5, unahesabu miti michanga. Ndani ya huo unakata wa mita 1 kwa 1, unapiga magoti, unahesabu miche iliyojiotea, mmoja mmoja, na majani, na nyasi, na vitambaavyo. Magoti yanaloa. Siafu wanapanda. Saa mbili zinapita nawe uko kwenye mita moja. Vijana wengi huanza kudanganya hapa. Nawaambia mapema kwa sababu hata mimi niliwahi kudanganya: niliandika “miche 12” bila kuhesabu, mtafiti akarudi akahesabu, akakuta 31. Hakunigombeza. Alifuta tu mbele yangu, polepole, kwa raba. Afadhali angenigombeza.

Pamoja na miti unaandika visiki. Unaandika shina lililochunwa gome, njia za ng'ombe, kinyesi cha ng'ombe, tanuri la makaa la zamani, shimo la mchimba mizizi. Unaandika kama jua linafika chini au halifiki. Na mti uliokufa umesimama usiuite takataka. Hondohondo anataka tundu la kuzalia, na tundu halipatikani kwenye mti kijana.

Mkimaliza mtapanga mashina kwa unene: watoto, vijana, watu wazima, wazee. Msitu unaojizaa una watoto wengi kabisa, vijana wachache kidogo, watu wazima wachache zaidi, wazee wa kuhesabika. Ukichora unaona mstari unaoshuka kama mteremko wa kwenda mto Yala. Mstari ukikatika katikati, simama hapo. Ila mjue hesabu inaonyesha jeraha, haisemi nani amepiga. Kwa mwiritsa sababu zinaweza kuwa nyingi kwa pamoja. Mche wake unapenda mwanga, na chini ya mwavuli mzito unadumaa mpaka unakufa. Wadudu na wanyama wanakula miche iliyosongamana chini ya mama kuliko ile iliyobebwa mbali. Ng'ombe wanakanyaga. Na mzazi akichunwa gome pande zote anakauka.

Hilo la gome tulizungumze vizuri, maana tukilipita kuna watu hapa watasema mama ameogopa. Gome la mwiritsa linatafutwa duniani kwa dawa ya tezi dume. Biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa tangu mwaka 1995 na CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na katika orodha nyekundu ya dunia, ile ya viumbe walio hatarini kutoweka, mti huu umeandikwa kuwa uko hatarini. Wazee wetu nao walichuna, na sisi tulikunywa tukiumwa tumbo. Tofauti ni namna ya kuchuna. Kukhu alitoa kipande cha ukubwa wa kiganja upande mmoja, mwaka mwingine akaenda mti mwingine. Anayekuja usiku na gunia anazungusha shina lote kuanzia mizizini hadi anapofika mkono. Mti wa namna hiyo unaendelea kuonekana mzima kwa muda, majani yapo, nawe ukipita unaandika “hai.” Uandikeni hivyo, lakini kando andikeni “umezungushwa.” Mwenye kusoma ataelewa kwamba mnaandika maiti anayepumua.

Sasa, huu msitu ni kitu gani hasa? Wengi hapa tumezaliwa kando yake na tunauona kama ukuta wa nyuma ya nyumba. Ni mabaki ya upande wa mashariki kabisa wa ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo na Afrika ya Magharibi. Ndiyo maana kuna ndege na miti hapa ambayo ndugu zake wako Uganda na Kongo, na Mkenya wa Nyeri akitaka kuviona inabidi apande gari aje kwetu. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa kulindwa mwaka 1933. Tazameni huo mwaka. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kakamega mwaka 1931, wageni wakamiminika na mahema yao, na mashimo yanataka magogo ya kushikilia kuta, na watu wanataka kuni. Mwaka 1967 sehemu za Isecheno na Yala zikawekwa kando zisikatwe. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu na kile kipande cha Kisere, ukawa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo ndani ya msitu mmoja tuna wenye nyumba wawili, shirika la misitu na shirika la wanyamapori, na sheria mbili za kuni. Mama wa Buyangu na mama wa Shinyalu wakikutana sokoni kila mmoja anadhani mwenzake anavunja sheria.

Orodha ya mimea ya msitu huu iliyochapishwa mwaka 2010 ina karibu aina 1,000, ukihesabu miti, vichaka, vitambaavyo, majani na kangaga. Aina 1,000! Nikiwauliza hapa mnitajie, tutafika 60 tukisaidiana, na 40 kati ya hizo atazitaja yule mama pale nyuma aliyejifunika leso ya kijani. Msicheke. Yeye ndiye maktaba, nanyi kesho mtabeba daftari.

Majina ya nyumbani ni mali, lakini yana mtego wake. Chukueni mikuyu. Sisi tukisema “mkuyu” tunaona tumemaliza, kumbe ndani ya jina hilo kuna miti kadhaa tofauti, na karibu kila mmoja una nyigu wake mdogo wa kuuchavushia maua, nyigu ambaye mara nyingi hajui mkuyu mwingine. Wakati matunda mengine yamekwisha msituni, mikuyu ndiyo inayowalisha mbega, kima, hondohondo na yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi cheusi. Mkuyu wa aina moja ukitoweka, ukaandika “mikuyu bado ipo,” umesema kweli na umepotosha.

Dawa ya mtego huo ni gazeti. Unakata tawi lenye jani na ua au tunda, unalilaza ndani ya gazeti la zamani, unalibana kati ya mbao mbili na mkanda, unalikausha. Unaandika tarehe, mahali, jina la nyumbani, rangi ya ua kabla halijafifia, na kama lilitoa utomvu. Tawi hilo likifika Nairobi kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki, ghala la mimea iliyokaushwa pale Makumbusho ya Taifa, linalinganishwa na mengine. Hebaria hiyo ilianzishwa Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamia Nairobi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na leo ina matawi makavu yapatayo milioni moja. Nilipelekwa mara moja nikaona. Nilionyeshwa karatasi yenye jani lililochumwa Kakamega kabla baba yangu hajazaliwa, na jani lina tundu la mdudu, na tundu lile limehifadhiwa pia. Nilikaa pale nikasahau chakula cha mchana.

Mtajuaje mmehesabu vya kutosha? Ploti ya kwanza itawapa majina mengi mapya. Ya pili itawapa mengine. Ya tano machache. Ikifika ploti ambayo hakuna jina jipya, na inayofuata hakuna, orodha imeanza kunyamaza. Kabla ya hapo asikudanganye mtu ati “tumemaliza msitu.”

Nije kwenye ugomvi sasa. Nilijua mtanialika mara moja tu, kwa hiyo acha niseme.

Mnakumbuka tarehe 13 Novemba 2023, siku ya mapumziko ya kupanda miti nchi nzima. Lengo la serikali ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nilipanda, na nilifurahi, na sina neno baya juu ya mtu aliyeshika jembe. Lakini kule kwetu kuna uwanda wa nyasi katikati ya msitu, mnaujua, pale kondoo wanapolala wakati wa jua. Msitu wa Kakamega una nyanda kama hizo kadhaa. Miaka kadhaa kabla ya siku hiyo walikuja watu, sitawataja, wana fulana nzuri na lori la miche. Waliona pale ni peupe. Wakasema, “Hapa ni patupu, tupande hapa.” Pakapandwa kuanzia saa tatu hadi saa saba, picha zikapigwa, soda zikanywewa, lori likaondoka.

Patupu! Katika mita moja ya mraba ya “patupu” pale nimehesabu mimea mingi kuliko ninayoihesabu chini ya miti mikubwa. Kuna nyasi, kuna majani ya dawa, kuna maua yanayotoka ardhini baada ya moto peke yake, kuna vipepeo na ndege wa nyasi ambao hawaingii kivulini. Uwanda ule ni nyumba. Ukipanda miti katikati ya nyumba ya mtu umempora, hata kama mti ni mzuri, hata kama ni wa kienyeji. Miche mingi ilikufa, na ile iliyopona iliharibu nyasi bila kuwa msitu. Nami nilikuwepo, nilichimba mashimo pamoja nao, nililipwa kwa siku. Nilijua na nilinyamaza, kwa sababu ya ile pesa. Kwa hiyo kwenye fomu zenu mtaona kijisanduku cha “aina ya makazi” kabla ya kitu kingine chochote. Msikiruke. Msitu mnene, msitu uliokatwa ukarudi, ukingo, kinamasi, uwanda, shamba la misonobari ya serikali: kila kimoja kina wakazi wake, na kinamasi kikipandwa mikaratusi kinakauka na kuondoka na wakazi wake.

Na takwimu nazo zina utani wake. Katiba, kifungu cha 69, inataka nchi iwe na miti kwenye asilimia 10 ya ardhi angalau. Tathmini ya taifa ya mwaka 2021 ilisema tuko asilimia 12.13 kwa miti yote, na asilimia 8.83 kwa misitu. Hongera kwetu. Lakini asilimia haiulizi mti jina. Boma lenye mikaratusi mia na boma lenye mwiritsa, mutere na lusiola, miti yetu ya kienyeji, yote yanaingia kapu moja. Mimi nina mikaratusi. Nimesomesha watoto kwa mikaratusi, sitajifanya malaika hapa. Nasema tu kwamba hesabu ile na hesabu yetu hazipimi kitu kimoja.

Mpera je? Hapa nitawachanganya kidogo, kwa sababu na mimi nilichanganyikiwa. Mpera ulitoka Amerika. Kima anakula pera, ng'ombe anakula pera, mtoto anakula pera, mbegu zinakwenda kila mahali, na kingo za msitu zimejaa mipera ambayo hakuna aliyeipanda. Kwa miaka nilikuwa nikiuona mpera ninaukata kwa hasira. Halafu watafiti waliofanya kazi kwenye mashamba yanayozunguka msitu wetu wakachapisha mwaka 2008 walichokikuta: chini ya mipera iliyo mashambani, miche ya miti ya msitu inaota. Ndege wanakuja kula pera, wanatua, wanaangusha mbegu walizozimeza msituni, na kivuli cha mpera kinalea. Yaani adui yangu shambani ni yaya. Kwa hiyo kwenye ukingo wa msitu, mpera unaosonga miche ya kienyeji tutaung'oa kwa ruhusa ya foresta. Ule ulio katikati ya shamba lako, kabla hujaukata, inama utazame chini yake kuna watoto wa nani.

Naona mwenye saa amesimama. Bado mukombero, bwana, siwezi kuacha mukombero.

Wanaume mmeanza kutabasamu. Mnauona stendi ya Kakamega, mnauona Kisumu, vijiti vimefungwa fungu fungu, muuzaji anakwambia unaongeza nguvu. Kinachotafunwa ni mzizi wa kitambaavyo kinachoitwa Mondia whitei. Ukichimba mzizi wote umeua mmea, na mmea unataka muda kupata mzizi wa kuuza. Nilipoanza kazi, ploti za kando ya njia zilikuwa nao. Siku hizi naukuta ndani zaidi, ambako miguu ya mchimbaji inachoka. Msitu haukosi mvua wala udongo. Mukombero unakosekana kwa sababu una soko. Na soko hulizuii kwa bango la “marufuku.” Kuna akina mama wanaoupanda kwenye ua, wakiuelekeza upande kwenye lusiola, wanavuna baadhi ya mizizi na kuacha mingine. Kule Muliru wakulima walifanya jambo la jamaa hiyo: kile kimea cha familia ya mrihani chenye harufu ya kafuri wakakilima mashambani, wakakikamua mafuta, wakatengeneza dawa ya kuchua, na mwaka 2010 kikundi chao kikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hawakuanza na mashine. Walianza kwa kuamua kwamba kinachouzwa kitoke shambani.

Hesabu yenu itatusaidia kuamua vitu vya namna hiyo: kipi kinaweza kuachwa kijizalie chenyewe kwa kuzuia ng'ombe tu, kipi kinahitaji kitalu, kipi kiko kwenye ploti moja peke yake na hatuna haki ya kukigusa. Kwa vile vya kitalu, msichume mbegu kwenye mti mmoja ulio karibu na barabara kwa sababu una matawi ya chini. Hao wote watakuwa ndugu wa tumbo moja. Wataalamu wa mbegu wanashauri miti 20 hadi 30, iliyo mbali mbali. Na mbegu ya mwiritsa haitunzwi kwenye kopo jikoni hadi mvua ya Machi. Ikikauka sana imekufa. Ondoa nyama, osha, panda ingali mbichi. Viriba vyangu vya mwaka wa kwanza nilivimwagilia miezi mitatu nikingoja mbegu zilizokwisha kufa. Mume wangu alipita kila asubuhi akizisalimia.

Neno kwa wazazi. Vijana hawa watachafuka, watarudi wamechelewa, na mwezi wa kwanza hamtaona faida yoyote mezani. Msiwavunje moyo. Na neno kwa chifu, kwa heshima: hesabu ikitoka, nakala ibaki hapa. Nimehesabu miti ya msitu huu miaka mingi na matokeo mengi nimeyasikia kwa wageni. Daftari moja likae ofisini kwako, lingine shuleni, na liandikwe kwa Kiswahili na Kiisukha, ili yule mama wa leso ya kijani asomewe na mjukuu wake na aseme palipokosewa.

Basi, kesho. Tunakutana kwenye geti la Isecheno saa moja kamili asubuhi, na saa moja yangu si ya matatu. Gambuti, suruali ndefu ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, penseli wala si kalamu, maana wino unakimbia mvua ikinyesha, na huku mnaijua mvua ya saa tisa. Kila mtu alete magazeti ya zamani. Yoyote yale, hata ya matokeo ya mpira. Foresta ameshatoa kibali, na askari wawili watatembea nasi.

Ploti ya kwanza tutaanzia pale kwa yule mwiritsa. Mwaka jana kulianguka mti mkubwa jirani yake na jua likaingia. Desemba nilipopita niliona miche minne imevuka goti langu, nikaifunga kitambaa chekundu. Sijarudi tangu siku hiyo. Anayetembea haraka asifike kabla yangu, nataka kuiona mwenyewe kwanza.